Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya shule yetu: kengele ikishalia, uwanja ni wa nani?

Kwa:
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu,
Mtendaji wa Kata,
Ofisa Mifugo na Ofisa Afya wa eneo letu,
Tanga.

YAH: WANYAMA WANAOZURURA NA WANAOISHI KATIKA ENEO LA SHULE YETU YA MSINGI

Waheshimiwa,

Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Walionizidi umri shikamooni. Walio wadogo nimeshawaitikia marahaba kabla hamjaniamkia, ili tusipotezeane muda.

Mimi ni yule bibi anayeuza bajia, kachori na juisi ya ukwaju nje ya geti, chini ya mwarobaini. Nakaa pale kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka watoto wa mchana watoke. Wengi wenu nimewauzia. Sitaitaja shule wala kata, kwa sababu nia yangu si kumwaibisha mtu, mnaohusika mnajijua. Nimekuwa katibu wa kikoba chetu kwa miaka mingi, kuandika siogopi, na kumbukumbu naweka. Kumbukumbu hizo zinaonyesha kuwa jambo hili nimelileta kwenu mara nne kwa mdomo na mara mbili kwa maandishi. Shuleni niliambiwa wanyama ni wa mifugo. Mifugo wakasema mbwa asiye na mwenyewe ni wa afya. Afya wakasema uwanja ni wa kamati. Kamati wakaniambia nisubiri kikao, na kikao kilipokaa kikajadili sare za bendi. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Mtanisamehe.

Hoja zangu ni hizi.

1. Mbwa.

Mji wetu watu wanausifu kwa ule msemo, Tanga waja leo waondoka leo. Mbwa hawa wamekuja, na kuondoka hawajaondoka. Asubuhi nikifika huwa nahesabu sita, siku nyingine tisa, wamelala kwenye veranda ya darasa la kwanza kwa sababu saruji ina ubaridi. Mlinzi huwafukuza, wakaingia upande wa pili kupitia pale ukuta ulipobomoka. Mlinzi naye analipwa kulinda usiku tu. Kukishapambazuka, uwanja hauna mwenyewe mpaka walimu wafike.

Mjukuu wangu yuko darasa la tatu. Aling'atwa nyuma ya jiko la shule na mbwa jike mwenye watoto, kwenye kigimbi cha mguu, matundu mawili madogo kama ya sindano. Sikuambiwa siku ile, wala kesho yake. Niligundua siku ya pili jioni nikimwogesha, na nilipomuuliza akalia kabla sijamaliza swali. Alikuwa amenyamaza kwa sababu walishatangaziwa mstarini kwamba atakayeonekana anacheza na mbwa atachapwa. Tangazo lile nia yake ilikuwa njema, sina shaka. Lakini lilimfundisha mtoto wa miaka tisa kuficha jeraha linaloweza kumuua.

Ndugu zangu, kichaa cha mbwa hakina mzaha. Nesi aliyemhudumia mjukuu wangu alinieleza taratibu, kama mtu anayeeleza jambo hilo kila wiki: mgonjwa akishaanza kuonyesha dalili, kuogopa maji na kuweweseka, hakuna dawa inayojulikana ya kumrudisha. Dalili mara nyingi huja baada ya miezi miwili au mitatu, lakini zinaweza kuja baada ya wiki moja, na zinaweza kukawia mpaka mwaka. Muda ule wa katikati ndio pekee tulionao. Jeraha likioshwa vizuri na chanjo ikachomwa mapema, kwa siku zilizopangwa bila kuruka, mtu anapona kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu 59,000 hivi kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Yaani umri ule ule tunaoupanga mstarini kila asubuhi.

Mjukuu wangu yuko hai, na jana nimemfukuza juu ya mwembe. Sindano tulizimaliza. Fedha ya sindano na ya bodaboda ya kwenda na kurudi niliikopa kwenye kikoba, na mkopo nimeulipa. Simdai mtu. Ninachodai ni kwamba mbwa yule, baada ya yote hayo, aliendelea kuonekana nyuma ya jiko wiki tatu, na hakuna aliyepewa kazi ya kumwangalia. Nesi aliniambia mbwa aliyeng'ata akiwekwa chini ya uangalizi siku kumi na akabaki mzima, hilo lenyewe ni habari kubwa kwa daktari. Sisi tulijua ni mzima kwa sababu mimi muuza bajia nilikuwa namtazama.

Na kwa nini wanakuja? Hawafuati watoto. Wanafuata shimo la taka. Siku za uji na makande, masufuria yanasuguliwa na makoko yanamwagwa kwenye shimo lisilo na kifuniko, hatua chache kutoka jikoni. Mimi pia nina sehemu yangu ya lawama, niseme kabla hamjanisema: karatasi zangu za bajia zinanuka mafuta, na watoto huzitupa popote. Nimenunua ndoo mbili zenye mifuniko, na anayerudisha karatasi namwongezea pilipili ya embe. Zinarudi karibu zote. Mjue tu kwamba inawezekana.

2. Maji na sabuni.

Hoja hii ni fupi lakini ndiyo inayoniuma zaidi. Nilipomhoji yule mtoto vizuri, aliniambia alikwenda bombani kuosha mguu, bomba likawa limefungwa kwa kufuli. Rafiki yake akampaka mafuta ya taa aliyoyapata jikoni.

Watoto wetu wengi hapa wanasoma madrasa. Mtoto wa chuo anajua tangu mdogo kwamba mate ya mbwa ni najisi, na huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni ya tohara. Kwa jeraha, wataalamu wanataka maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano nzima, papo hapo, kabla ya safari ya hospitali. Si vumbi la mkaa, si kitunguu saumu, si mafuta ya taa. Mtoto aliyelelewa kwamba mate ya mbwa lazima yaoshwe hahitaji kushawishiwa aoshe. Anahitaji bomba lililo wazi. Funguo nimeambiwa zipo kwa mwalimu wa zamu, ili watoto wasichezee maji. Bili ya maji naielewa. Basi wekeni hata ndoo yenye koki na kipande cha sabuni kwenye mlango wa ofisi.

3. Mbuzi na ng'ombe.

Hapa nitakuwa mwangalifu, maana mbuzi hawa wana wenyewe, na baadhi ya wenyewe wanakaa kwenye viti vya kamati.

Mbuzi wanaingia madarasani wakati wa mapumziko. Wamekula daftari la hesabu la mtoto wa jirani yangu, na mtoto akachapwa kwa kutokuwa na daftari, kisa ambacho kingekuwa cha kuchekesha kama kingekuwa cha mtu mwingine. Usiku wanalala verandani. Asubuhi watoto wa darasa la kwanza wanafagia samadi kwa mikono na ufagio wa chelewa, kisha kengele ya uji inalia. Rudini kwenye hoja ya pili mjue wananawa wapi.

Ng'ombe ni habari nyingine. Wanapitishwa katikati ya uwanja kwenda malishoni kwa sababu ndiyo njia ya mkato. Mwezi uliopita dume mmoja aliingia wakati wasichana wanacheza netiboli. Hakuna aliyechomwa pembe, alhamdulillah, ila msichana mmoja alianguka akikimbia na goti likachanika kwenye mawe, juu ya kinyesi. Pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye samadi, na jeraha la namna hiyo ndilo mlango wake. Pia ule mchanga wa chini ya mwembe, watoto wanapokaa kucheza nage na bao, mbwa ndipo wanapojisaidia. Minyoo ya mbwa inaweza kuingia kwenye ngozi ya mtoto anayetembea pekupeku na kuacha mstari unaojipinda na kuwasha usiku kucha. Mjukuu wa jirani alikuwa nao mguuni. Tulidhani ni upele.

Sitaki kusikia kwamba napinga ufugaji. Shule zetu zimekuwa na mashamba na mabanda tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na mimi mwenyewe nilisoma darasa la saba nikichunga sungura wa shule. Mradi wa kuku mlionao ni mzuri. Niliona mayai yameuzwa na chaki zikanunuliwa. Mnyama mwenye banda, mwenye zamu ya kumlisha na mwenye daktari anayemjua hanisumbui.

4. Nyoka.

Boma la madarasa mawili lililosimama bila kuezekwa limekuwa pori. Ndani yake kuna lundo la madawati mabovu, mawe ya matumbawe yaliyobaki kwenye msingi, na nyasi zinazonifika kiunoni. Panya wamejaa humo kwa sababu ya nafaka inayomwagika stoo, na panya ndio wanaomwita nyoka. Mwaka huu tumeona kifutu wawili na swila mmoja, yule anayetema mate machoni. Na humo bomani ndimo watoto wanapokwenda kujisaidia haja ndogo foleni ya choo inapokuwa ndefu.

Mkiniuliza mwalimu afanye nini mtoto akiumwa, nadhani hapa shuleni kila mtu atatoa jibu lake: mmoja atafunga kamba, mwingine atachanja kwa wembe, wa tatu atatuma mtu kuleta jiwe la nyoka. Yote matatu hayafai, na mawili ya kwanza yanaongeza madhara. Mtoto atulizwe, avuliwe kiatu na bangili kabla mguu au mkono haujavimba, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, abebwe apelekwe hospitali bila kukawia. Aliyetemewa machoni aoshwe macho kwa maji mengi. Sumu ya nyoka haikuingizwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mpaka mwaka 2017, kwa hiyo sishangai kama na sisi tumeisahau. Lakini kufyeka nyasi hakuhitaji amri kutoka Geneva, yaliko makao makuu ya shirika hilo.

5. Nyuki.

Wako kwenye mkorosho ulio karibu na darasa la tano, na wavulana wanawapiga mawe. Tafuteni mrina asali aje usiku, wakiwa wametulia, awahamishie kwenye mzinga mbali na shule. Msiwachome moto mchana kama mlivyojaribu Desemba. Mimi ndiye niliyekimbia na beseni la kachori kichwani.

Sasa najua mtakayosema, maana nimeshayasikia.

Mtasema mbwa hawana wenyewe, basi wapigwe risasi au watiliwe sumu. Nakuombeni sana, hapana. Kwanza sumu iliyotupwa kwenye uwanja wa watoto ni hatari kuliko mbwa. Pili, ukiua wa leo na shimo la taka ukaliacha, kesho wanakuja wengine, na hao wageni hujui wametoka wapi wala kama wamechanjwa. Kinachozuia kichaa ni chanjo: wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa pa kupitia. Nchi yetu ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Bunduki isiwe ndiyo sera yetu ya kwanza. Na si kweli kwamba wote hawana wenyewe. Watatu kati yao nawajua: wawili wa maghala, mmoja wa jamaa anayelinda mashua. Asubuhi wanafunguliwa wajitafutie.

Mtasema chanjo ilitangazwa na watu hawakuja. Ni kweli ilitangazwa. Gari la matangazo lilipita Jumatano saa tatu asubuhi, chanjo siku hiyo hiyo mpaka saa nane. Katika mitaa yetu wanaoweza kumshika mbwa akakubali ni watoto, na watoto walikuwa darasani wakisoma. Sisi wengine mbwa hatumgusi, mnatujua. Wekeni Jumamosi, tangazeni wiki nzima kabla, misikitini na makanisani, mtaona foleni.

Mtasema uzio ni fedha na fedha hakuna. Nakubali kwamba tangu elimu bila malipo ianze 2016, mzazi akiambiwa achange hununa, na mimi nimenuna mara nyingine. Lakini hapa ni Tanga. Mkonge wenyewe uliletwa nchi hii mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 mkoa mzima ukafunikwa. Sisi tunaomba mistari miwili kuzunguka kiwanja kimoja. Miche inaokotwa bure mashambani, wazazi watachimba mashimo Jumamosi moja, na ncha za majani zikatwe kwa panga ili zisimtoboe mtoto macho. Chini yake papaliliwe, tusije tukawajengea nyoka nyumba nyingine. Mpaka mkonge ukue, pale ukuta ulipobomoka pazibwe kwa matawi ya michongoma. Aliyependekeza minyaa kwenye kikao kilichopita namheshimu, ila utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni mtoto anaweza kupofuka.

Mtasema, mwisho, kwamba hayupo mtoto aliyekufa. Hili nililiambiwa ofisini kwa sauti ya upole, na mpaka leo sijapata la kumjibu aliyelisema.

Ninachoomba ni hiki. Ndani ya siku saba bomba lifunguliwe au ndoo yenye koki na sabuni iwekwe, na mtoto atangaziwe mstarini, kwa sauti ile ile iliyotangaza fimbo, kwamba aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, paka au tumbili aje aseme mara moja na hatachapwa. Mwalimu mmoja ateuliwe na jina lake libandikwe mlangoni: huyu ndiye anayeshika daftari la majeraha, anayempigia mzazi simu na anayemjua ofisa mifugo kwa namba. Ndani ya mwezi mmoja shimo la taka lifunikwe, makoko yapewe mfugaji wa nguruwe au wa bata kwa zamu, boma lifyekwe, madawati mabovu yatolewe. Njia ya ng'ombe ihamishiwe nje ya uwanja. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982. Mbuzi atakayekamatwa darasani mwenyewe alipe faini, hata kama mwenyewe huyo ndiye anayeandika mihtasari ya kamati. Na chanjo ya mbwa ifanyike kabla ya shule kufungwa, Jumamosi, kwenye uwanja wa mpira wa mtaani, isifanyike shuleni.

Kazi za mikono hatukwepi. Akina mama kumi na mmoja wa kikoba chetu wameshasema watakuja kufyeka, na wawili wana majembe ya kukopesha. Tunachohitaji kutoka kwenu ni tarehe na mtu wa kutufungulia stoo.

Barua hii nitaibandika kwenye mti wangu Jumatatu asubuhi, pamoja na nafasi tupu chini yake ya kuandika majibu yenu. Kalamu nitaifunga kwa uzi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Bibi muuza bajia, mzazi na mlezi wa mwanafunzi wa darasa la tatu
Tanga

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Imamu na Padri wa eneo letu, kwa ajili ya matangazo ya chanjo, fundi bomba, ambaye anasubiri kuitwa tangu mwezi wa tano.